Tuzo Iliyoanza na Stempu

Kilichonishikisha kalamu ni tangazo la Oktoba 1, 2025, lililowataja wanavikundi wa misaada ya dharura wa Sudan kuwa miongoni mwa washindi wa Right Livelihood, tuzo ya Stockholm inayowaheshimu watu wa vitendo. Hawa ni raia wanaojitolea, wanaopikia majirani zao chakula huku vita vikiendelea.

Tuzo hiyo ilizaliwa na stempu. Jakob von Uexkull, mfanyabiashara wa stempu, aliiomba Taasisi ya Nobel, inayosimamia tuzo zilizotokana na wasia wa Alfred Nobel, iongeze tuzo ya mazingira na nyingine ya maarifa yanayowafaa maskini. Ikakataa. Akauza stempu zake, akaanzisha tuzo yake mwaka 1980. Hassan Fathy wa Misri alikuwa katika washindi wa mwanzo kabisa: msanifu aliyejenga kwa matofali ya udongo, kuta nene zikifukuza joto. Udongo huo huo sisi tunauonea haya! Mtu akipata vijisenti, jambo la kwanza ni kubomoa nyumba ya baba yake.

Mwaka 1984 tuzo hiyo ikamfikia Wangari Maathai wetu, mwanamazingira wa Kenya, miaka 20 kabla ya kupata Nobel ya Amani. Alikuwa ameanza kampeni yake ya upandaji kwa miti 7 jijini Nairobi, Juni 5, 1977. Nimelisema hili darasani na kanisani, na leo nalirudia: nguvu yake ilikuwa katika malipo. Akina mama waliokusanya mbegu na kulea miche kitaluni walilipwa senti chache kwa kila mche ulioshika. Mche ukifa, hakuna malipo. Ndiyo maana waliirudia miche yao kuimwagilia. Sisi leo tunahesabu mashimo yaliyochimbwa siku ya mgeni rasmi, mbuzi wanamalizia kazi.

Mama anayeuza ndizi hapa sokoni Gakoromone, Meru, hahitaji kuelezwa hayo. Anajua kwamba mkungu haupatikani kwa siku ya kupanda, hupatikana kwa miezi ya kupalilia na kuweka mbolea.

Mvua za Oktoba zikiwa mlangoni, walimu wa Imenti hapa Meru, anzisheni vitalu, mkabidhi kila mwanafunzi mche mmoja, na mwaka unaofuata wakati kama huo hesabuni miche iliyo hai tu.