Mtoto wa Bibi si Yatima

Kila mwaka vijana kutoka Ulaya na Marekani hupanda hadi Kibosho, Kilema na Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kujitolea katika chekechea za misheni. Wengi hukaa wiki chache. Hugawa uji, huimba na watoto, huwabeba mgongoni, kisha huondoka. Nia yao siitilii shaka. Ninachokipinga ni habari wanayorudi nayo kwao, kwamba wamewakuta watoto wasio na wa kuwalea. Mtoto akisema anaishi kwa bibi, basi huhesabiwa yatima. Mama akiwa sokoni Moshi mjini kutwa nzima, husemekana amemtelekeza mwanawe. Habari hiyo inawavunjia heshima Wachagga, watu ambao mila zao zilimfikiria mtoto mchanga na mzazi wake kwa kina kuliko karibu jambo jingine lolote.

Mzazi wa Kichagga alikaa ndani miezi mitatu. Hakukata majani ya ng'ombe, hakuteka maji, hakushika jembe. Mama mkwe na wanawake wa ukoo walimpikia mtori, wakampa maziwa na supu ya damu, wakamwangalia mpaka mwili umerudi. Siku ya kutoka alipambwa, akashikishwa fimbo, akaenda sokoni akiimbiwa nyimbo za kumpokea shujaa aliyetoka vitani. Ni jamii ngapi zilizomweka mwanamke aliyejifungua daraja moja na askari aliyeshinda? Naye mtoto hakuwa wa wazazi wawili tu. Wa kwanza alihesabiwa wa upande wa baba, wa pili wa upande wa mama, na akishaachishwa ziwa aliweza kuhamia kwa babu na bibi, akakulia huko. Otto Raum, mtoto wa mmisionari aliyezaliwa hukohuko mlimani, aliyaandika malezi haya katika kitabu chake *Chaga Childhood* cha mwaka 1940, na aliyaita elimu, kwa sababu ndivyo yalivyokuwa. Kwa bibi mtoto alijifunza mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo, majina ya wakubwa wake, namna ya kusalimia na namna ya kunyamaza. Kukaa kwa bibi ilikuwa haki yake.

Misheni za Kikatoliki na Kilutheri zilizoingia miaka ya 1890 zilizipiga vita mila nyingi, lakini chekechea zao za leo zinasimama juu ya mila hii ya malezi. Mlezi wa chekechea ni jirani. Anajua mtoto huyu ni wa kihamba gani, nani kwao yuko Dar es Salaam, nani anaumwa, na mtoto akilia anajua kwa nini. Anahitajika sasa kuliko zamani, maana vihamba vimegawanywa mpaka havigawanyiki tena, vijana wameshuka mijini, na bibi amebaki peke yake na wajukuu na magoti yanayouma. Hilo linaniuma: mila haikushindwa kwa ubaya wake, imekosa ardhi na watu wa kuibeba.

Nitaambiwa kwamba malezi ya zamani yalimwelemea msichana mdogo, aliyemfunga mdogo wake mgongoni wakati kaka yake yuko darasani. Ni kweli, na hilo silililii. Nitaambiwa pia kwamba uhitaji ni wa kweli, na kwamba wageni huleta unga, penseli na fedha. Hilo nalo ni kweli. Lakini kupungukiwa unga si kupungukiwa mlezi. Mtoto wa miaka mitatu anayepewa mikono mipya kila baada ya wiki tatu anazoeshwa kuachwa, na hilo ndilo mila ya bibi ilimkinga nalo. Akimkimbilia kila mgeni getini husifiwa kuwa mchangamfu. Mimi naona mtoto ambaye hajaruhusiwa kumzoea mtu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka vituo vya kulelea watoto wadogo chini ya usimamizi, na Sera ya Elimu ya 2014 ilitaka elimu ya awali iwe ya lazima. Lakini kuhusu mgeni wa kupita, parokia yenyewe inaweza kuamua. Anayeweza kukaa mwaka mzima akaribishwe, afanye kazi chini ya mlezi wa hapo, ajifunze salamu kabla ya kufundisha nyimbo. Mwenye wiki mbili apake rangi kuta, atengeneze uzio, asiwabebe watoto. Au asije kabisa, atume nauli: fedha za tiketi moja ya ndege kutoka Ulaya zinaweza kumlipa mlezi wa kijijini mshahara wa miezi mingi.