Madeni ya dola yalivyoiporomosha Thailand

KABLA ya 1997, mfanyabiashara wa Bangkok hakuwa na sababu ya kuihofia dola. Miaka nenda miaka rudi, dola moja iliuzwa kwa takriban baht 25, kwa kuwa serikali ya Thailand ilikuwa imeifungamanisha sarafu yake na fedha za kigeni, hasa dola. Tena mikopo ya ng'ambo ilikuwa na riba nafuu kuliko ya nyumbani.

Hapo ndipo mtego ulipotegwa. Kampuni za fedha zilikopa dola za kulipwa baada ya muda mfupi, kisha zikawakopesha wajenzi wa majumba ambayo yangechukua miaka kurejesha gharama. Wapangaji waliolipa kodi kwa baht ndio waliotegemewa kulipa deni la dola.

Wawekezaji walipoanza kuitilia shaka baht, Benki Kuu iliitetea kwa akiba yake. Takwimu rasmi zilionyesha zaidi ya dola bilioni 30. Umma haukuelezwa kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa imeshaahidiwa wengine katika mikataba ya kuuza dola siku za usoni.

Julai 2, 1997, serikali ilisalimu amri na kuiachilia baht. Kufikia Januari 1998 dola ilikuwa imepita baht 50. Aliyekopa dola milioni moja alidaiwa maradufu pasipo kuongeza hata senti. Kampuni 56 za fedha zilifungwa, na nchi ikakimbilia Shirika la Fedha Duniani, IMF.

Wapo wanaowalaumu walanguzi wa sarafu pekee. Lakini mlanguzi hupenya palipo na ufa.

Kenya imeonja chembe ya uchungu huo, ingawa hapa mkopaji alikuwa serikali na muda ulikuwa mrefu. Mwaka 2014 iliuza hatifungani ya Eurobond ya miaka 10, jumla dola bilioni 2, wakati dola ilikuwa karibu Sh90. Januari 2024 dola ilipita Sh160. Deni la takriban Sh180 bilioni likawa Sh320 bilioni, mbali na riba. Mwezi uliofuata serikali ilikopa dola bilioni 1.5 ili kulipunguza, kwa riba ya asilimia 9.75, ile ya kwanza ilikuwa asilimia 6.875. Shilingi iliimarika baadaye.

Yaliyoipata Thailand hayakatazi kukopa nje. Yanadai swali moja litangulie saini: je, mradi wenyewe utaingiza dola? Chai na maua huuzwa ng'ambo. Barabara ya mashambani, ijapokuwa na manufaa yake, hulipiwa kwa ushuru wa shilingi.