Je, Wajua? Ngozi ya Mbuzi Haichaniki kama Ukindu

Msukaji wa mikeka wa Kibiti haanzi kwa kusuka, anaanza kwa kuchana. Huchukua majani machanga ya mkindu ambayo bado hayajafunguka, huyaanika mpaka yapauke, kisha huyachana kwa ukucha au ncha ya kisu yawe chane za upana mmoja. Chane ikiwa pana hapa na nyembamba pale, ukili hupinda, na ukili uliopinda hauna mshono wa kuunyoosha.

Kazi hiyo haihitaji mashine kwa sababu mishipa ya jani la mkindu imelala sambamba, toka shinani hadi nchani. Ufa ukishaanza, unafuata mshipa wenyewe. Na unene umekwisha pangwa na jani, mchanaji anashughulika na upana tu.

Sasa chukua ngozi ya mbuzi. Ndani yake nyuzi za kolajeni zimepishana pande zote, juu kwa chini, kulia kwa kushoto. Ngozi ni mkeka uliokwisha sukwa, nawe unataka kutoa chane ndani yake! Hakuna mshipa wa kuufuata. Tena unene wake haulingani: mgongoni na shingoni imeshiba, tumboni ni laini na legevu. Ukisuka kamba au mshipi wa mkoba kwa kanda zisizolingana unene, utaona vinundu kama vya kamba iliyofungwa fundo.

Hapo ndipo inapohitajika mashine ya kupasua ngozi. Ile ndogo ya mkono ni kitu chepesi kueleza: wembe umefungwa imara, na chini yake kuna rola. Nafasi kati ya wembe na rola ndiyo unene utakaobaki. Unaingiza ncha ya ukanda, upande wa nyama ukielekea wembe, unaishika kwa koleo na kuvuta.

Wengi wakienda kununua hutazama upana wa wembe, wakidhani mpana ndio bora. Kwa anayesuka, naona ni kosa. Ukanda wake ni wa milimita chache, na wembe mpana usioshikiliwa vizuri hujipinda kidogo katikati. Kidogo hicho si neno kwa ngozi ya ng'ombe yenye milimita 4 au 5, lakini kwa ngozi ya mbuzi yenye milimita 1 hivi ni hasara kubwa. Tafuta wembe mfupi, mnene mgongoni, unaofunguka ukanolewa kwenye jiwe, na skrubu ya kupimia isiyochezacheza.

Lipo tatizo jingine ambalo wembe peke yake hauliondoi. Ngozi nyembamba ikivutwa hurefuka, na inaporefuka hukonda, hivyo wembe unakata kitu kinachobadilika umbo papo hapo. Viwandani wamelikwepa kwa wembe mrefu kama mshipi usio na mwisho, unaozunguka wenyewe huku rola zikiisukuma ngozi. Fundi wa mkono hana hilo. Dawa yake ni kuuvuta ukanda kwanza, kabla ya kuupasua, hadi uchoke kurefuka, kisha kuupunguza kidogo kidogo kwa kuupitisha mara mbili au tatu.

Asipunguze kupita kiasi. Nguvu ya ngozi imo zaidi katika tabaka la chini, na ndilo wembe unalokula. Wasukaji wa mijeledi wa Australia huipenda ngozi ya kangaruu kwa sababu nyuzi zake zimelala bapa, hata ikipunguzwa sana haikatiki upesi. Mbuzi hafikii hapo. Ngozi yake ichaguliwe ya mgongoni na iguswe kidogo tu.

Delta ya Rufiji, huku Kibiti, na ngozi vinafahamiana tangu zamani. Enzi za Wajerumani, magome ya mikoko yalisafirishwa kutoka huku kwenda kwenye viwanda vya ngozi vya Ulaya, kwa kuwa yana tanini, ambayo hushikana na kolajeni na kuzuia ngozi isioze. Ngozi iliyoiva kwa magome huwa ngumu kiasi na hukatika safi kwenye wembe, wakati ile iliyoivishwa kwa kromu ni laini na hunyumbuka, ikisumbua fundi. Kwa hiyo muulize muuzaji ngozi imeivishwaje kabla hujauliza bei ya mashine. Lakini tusiende kubandua magome: mkoko uliobanduliwa mzunguko mzima hufa, na misitu ya mikoko ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu.

Mwisho, kwa fundi wa Nyamisati au kijiji chochote kinachopata upepo wa bahari: chumvi huula wembe wa chuma upesi. Ufungue kila jioni, uufute, uupake mafuta, uufunge kwenye kitambaa kikavu. Kutu yenye ukubwa wa chembe ya mchanga huchora mstari katika kila ukanda utakaopita.