Ukizamia Zanzibar, hesabu kwanza saa za kurudi Kolwezi

Kolwezi. Kabla ya kuchagua safari ya kuzamia baharini Zanzibar au Mombasa, mtu wa Lualaba anapaswa kutazama tiketi yake ya kurudi. Picha za kasa, bei na maneno matamu ya vijana wa ufukweni vinaweza kusubiri.

Wafanyabiashara wa ukanda wa shaba wameizoea Dar es Salaam kwa miaka mingi. Malori yanayobeba shaba na kobalti kutoka Lualaba hupita Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa, yakakata Zambia na kuingia Tanzania kwa mpaka wa Tunduma hadi bandarini. Kongo nayo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni kama saa mbili kwa boti ya mwendo kasi, na mtu aliyemaliza shughuli za mizigo haoni ubaya kuongeza siku tatu na familia. Huko hakosi kukutana na kibao kinachomwita akaone matumbawe.

Neno lenyewe lina utani wake. Katika bandari za Afrika Mashariki, "mzamiaji" ni pia kijana anayejificha melini ili afike Ulaya bila nauli. Mzamiaji wa makala haya hulipa, tena mara nyingi kwa dola.

Mji ulio juu

Kolwezi ipo zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Lubumbashi kama mita 1,200. Kwa maisha ya kila siku jambo hilo halina uzito. Kwa mtu aliyetoka kupumua hewa ya mtungi chini ya maji, lina uzito mkubwa.

Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Katika kina cha mita 20, mzamiaji anapumua hewa iliyogandamizwa mara tatu kuliko ya ufukweni. Nitrojeni iliyomo huyeyuka na kuingia kwenye damu na nyama za mwili. Akipanda polepole, inatoka taratibu kwa njia ya mapafu. Akipanda kwa haraka hufanya kama chupa ya Simba iliyofunguliwa ghafla: mapovu. Mapovu hayo yakikaa kwenye viungo huleta maumivu, na yakifika kwenye uti wa mgongo au ubongo yanaweza kuleta ganzi, kupooza, hata kifo.

Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba kupanda hakuishii juu ya maji. Nitrojeni huendelea kutoka mwilini kwa saa nyingi baada ya mtu kuvua mapezi na kunywa chai. Akipanda ndege katika saa hizo, safari ya kupanda inaendelea, kwa kuwa hewa ndani ya ndege ya abiria inaweza kuwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,400.

Ndiyo maana Divers Alert Network, mtandao wa usalama wa wazamiaji ulioanzia Marekani mwaka 1980, unashauri kusubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka kwa aliyezamia mara moja tu bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Aliyezamia mara kadhaa, au siku kadhaa mfululizo, asubiri angalau saa 18. Aliyezamia kwa muda mrefu au kina kikubwa hadi akalazimika kusimama njiani, asubiri zaidi ya hapo.

Kwa mtu wa Mombasa au Dar es Salaam, ndege ikitua nyumbani mwili unarudi kwenye hewa nzito ya pwani. Wa Kolwezi harudi. Anatua Lubumbashi, juu, kisha anapanda barabara hadi mahali palipo juu zaidi, na hapo ndipo anapolala. Kwake, saa 18 ni kiwango cha chini, na siku nzima ya saa 24 ndiyo hesabu ya busara.

Basi halimwokoi. Linaloondoka Dar es Salaam alfajiri hupita Morogoro na Mikumi, likapanda Kitonga na kufika nyanda za Iringa, zaidi ya mita 1,500, siku hiyohiyo. Anayeshika usukani wa lori lake mwenyewe yupo katika hesabu hiyohiyo.

Mfano ni rahisi. Ndege inaondoka Jumapili saa moja asubuhi. Kurudi nyuma saa 18 ni Jumamosi saa saba mchana. Safari ya Mnemba yenye kuzamia mara mbili, inayotoka hotelini saa mbili asubuhi, inaweza kumtoa mtu majini mara ya pili karibu na saa hiyo au baada yake. Basi safari hiyo ni ya Ijumaa. Jumamosi ibaki ya Forodhani, ya sokoni Darajani, au ya kuelea juu ya maji kwa miwani na mrija, jambo ambalo halina hesabu ya nitrojeni.

Na saa ya simu itazamwe. Lualaba ipo saa moja nyuma ya Zanzibar na Kenya, na simu isiyojirekebisha yenyewe itamfanya mtu aikose boti.

Wanavyochagua abiria wa meli

Fumbo hili la saa linajulikana sana Karibiani, ambako meli kubwa za kitalii hupita Cozumel, Grand Cayman na Roatán zikisimama saa chache kila bandari. Abiria huko hupima mambo mawili: kununua safari ya kuzamia kwa kampuni ya meli, kwa bei ya juu na katika kundi kubwa, au kupiga simu kwa waalimu wa bandarini, kwa bei nafuu na kundi dogo. Safari ya kampuni ikichelewa, meli kwa kawaida huwasubiri wake. Aliyejitafutia mwenyewe akichelewa, meli huondoka, naye hujitafutia nauli ya kuifuata bandari inayofuata.

Meli za aina hiyo hufika pia Mombasa na Zanzibar, hasa katika miezi ya kaskazi, na wanaozipanda wana saa chache vilevile. Hapa ramani ndiyo inayoamua. Kisiwa cha Mnemba, chenye sifa kubwa kuliko sehemu zote za kuzamia Unguja, kipo kaskazini-mashariki, upande wa pili kutoka bandarini. Ni kama saa moja ya gari na kisha boti. Mwenye saa sita tu mjini atatumia nyingi kati yake barabarani. Afadhali abaki kwenye matumbawe ya karibu na Mji Mkongwe, kandokando ya visiwa vya Bawe na Pange, au aende kuona mabaki ya Great Northern, meli ya Kiingereza ya kutandaza nyaya za simu iliyozama mwaka 1902. Imelala katika kina kisichozidi mita 12 hivi, na leo ni nyumba ya samaki.

Mwenye siku kadhaa ana uhuru zaidi. Mnemba ina pande za kina kidogo kwa wanaoanza na kuta za matumbawe kwa wenye cheti. Mafia, ambako hifadhi ya kwanza ya bahari ya Tanzania ilianzishwa mwaka 1995, ina ghuba ya Chole iliyotulia, na kati ya Oktoba na Machi papa potwe huonekana upande wa Kilindoni. Kwa papa huyo hakuna haja ya mtungi, kwani huogelea karibu na uso wa maji. Kenya ina Kisite-Mpunguti kusini na Watamu kaskazini, na mbele ya Mombasa ipo MV Dania, meli iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 ili iwe makazi ya samaki. Hiyo inashuka hadi karibu mita 30 na haimfai mgeni wa siku ya kwanza.

Pemba ni habari nyingine. Mkondo kati yake na bara unafika mamia ya mita, kuta zake zinashuka gizani na maji yana kasi. Anayemwuzia Pemba mtu asiye na cheti anauza tu.

Nani yupo juu ya shimo?

Cheti cha kwanza kinachotolewa na mashirika kama PADI kinamruhusu mtu kufika mita 18, cha pili mita 30, na mwisho wa kuzamia kwa burudani ni mita 40. Asiye na cheti hufanya jaribio la siku moja, mwisho mita 12, akiwa karibu na mwalimu muda wote. Kwa cheti cha kwanza mwanafunzi huogelea mita 200 na kuelea dakika 10. Jaribio la siku moja halina mtihani huo, na hapo pana hatari yake: linauzwa kwa mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye maji yanayompita kimo. Watoto wengi wa Kolwezi wameonywa tangu udogoni wasisogelee mto Lualaba. Kwao, siku mbili kwenye bwawa la hoteli kabla ya boti si anasa.

Kwa maswali ya usalama, watu wa Kolwezi hawahitaji kufundishwa sana. Mji ambao mwaka 2014 mtaa wake wa Kasulo ulichimbwa hadi ndani ya nyua baada ya kobalti kuonekana unajua kuuliza nani ameshika kamba, hewa inatoka wapi, na waliomo chini ni wangapi. Baharini ni hivyohivyo. Mwalimu mmoja anachukua wageni wangapi? Wawili ni wazuri kuliko wanne. Nani anabaki kwenye boti wakati wengine wapo chini? Mtungi wa oksijeni ya dharura upo humo, na una kitu ndani? Chumba cha mgandamizo kinachofanya kazi leo kipo wapi, na mgonjwa hufikishwaje?

Hesabu ya watu si jambo dogo. Januari 1998, boti ya watalii Australia iliondoka ikiwaacha Wamarekani wawili kwenye Great Barrier Reef. Waliohesabu walidhani wote wamepanda. Siku mbili zilipita kabla mtu hajagundua, na wawili hao hawakuonekana tena.

Bima nayo isomwe. Nyingi za kawaida za safari huondoa kuzamia kabisa au huweka kikomo cha kina.

Vumbi na homa

Kila kituo cha maana humpa mgeni fomu ya afya. Ipo pia kwa Kifaransa, na inafaa kuiomba hiyo badala ya kutia alama ya "hapana" kila mstari kwenye Kiingereza kisichoeleweka. Jibu moja la "ndiyo" kwenye swali zito hudai barua ya daktari, na wengi hudanganya ili wasipoteze siku.

Kwa ukanda wa shaba, swali la mapafu ndilo zito. Aliyefanya kazi miaka mingi kwenye vumbi la machimbo, aliyewahi kuugua kifua kikuu au mwenye pumu anaweza kuwa na makovu yanayonasa hewa. Hewa iliyonaswa katika mita 10 huwa maradufu mtu anapofika juu, na pafu linaweza kupasuka. Picha ya kifua ipigwe Kolwezi au Lubumbashi kabla ya safari, daktari akiwa anajua sababu yake.

Dalili za ugonjwa wa mapovu pia zinaweza kufika nyumbani pamoja na mizigo. Uchovu usio wa kawaida, maumivu ya bega au goti, kizunguzungu na ganzi mara nyingi huanza ndani ya saa 24 baada ya kuzamia, ingawa huweza kuchelewa. Kolwezi, mtu mwenye uchovu na maumivu ya viungo hupimwa malaria kwanza, na ni sawa apimwe. Lakini daktari hawezi kukisia kwamba mgonjwa wake juzi alikuwa mita 18 chini ya Bahari ya Hindi. Aambiwe siku, kina na saa ya kutoka majini. Hayo yaandikwe kwenye karatasi palepale botini, na karatasi ikae pamoja na pasipoti.