Barafu ya Bahari na Hatima ya Makinda wa Pengwini

Kiswahili hutofautisha theluji, inayoanguka kutoka mawinguni, na barafu, yaani maji yaliyoganda. Hata hivyo, huko Antaktika neno barafu hubeba vitu viwili visivyofanana. Ipo barafu ya bara, iliyorundikana juu ya nchi kavu kwa maelfu ya miaka, na ipo barafu ya bahari, ambayo huganda kila majira ya baridi na sehemu yake kubwa kuyeyuka kila kiangazi. Ni juu ya hii ya pili ambapo pengwini wakubwa kuliko wote duniani hulea makinda wao.

Pengwini hawa hukusanyika mwezi wa Machi na Aprili. Jike hutaga yai moja tu kati ya Mei na Juni, hulikabidhi kwa dume, kisha hurejea baharini kutafuta chakula. Dume huliatamia juu ya nyayo zake kwa takriban siku 65 bila kula chochote. Kinda huanguliwa akiwa na manyoya laini yasiyozuia maji. Manyoya ya kuogelea hukamilika mnamo Desemba au Januari, na kabla ya hapo barafu ikivunjika, kinda huzama au hufa kwa baridi.

Mwaka wa 2016, dhoruba iliivunja barafu ya Halley Bay mapema, na makinda wakaangamia. Baadhi ya pengwini wazima walihamia Dawson-Lambton, palipo karibu. Mwaka wa 2022, katika Bahari ya Bellingshausen, picha za setilaiti zilionyesha kwamba makundi manne kati ya matano yaliwapoteza makinda wao. Safari hii barafu ilikuwa imetoweka katika eneo pana, na kuhama si dawa pale ambapo hata kwa jirani hakukaliki.

Fauka ya hayo, chini ya barafu hiyo huota mimea midogo mno inayoliwa na uduvi wachanga wakati wa baridi. Uduvi nao ni chakula cha samaki, sili, nyangumi na pengwini. Barafu ikipungua, lishe ya wote hutikisika.

Pengwini mzima huweza kuishi miaka 20 hivi, kwa hivyo msiba wa mwaka mmoja hustahimilika. Lakini misiba ikifululizana, hubaki kundi la wazee wasio na warithi.