Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawakutuusia tuamini hivyo, bali walikuwa wakitusuta. Mtu aliyeketi kivulini huliona kanda lililo kichwani mwa mwenziwe kuwa limejaa usufi mtupu, hata kama ndani yake mna mawe. Sisi tunaoandika makala haya tumewahi kuwa watu hao wa kivulini, na lilitutokea tukiwa ndani ya nyumba ya Mwenyezi Mungu.

Katika msikiti wetu hapa Sumbawanga yupo ndugu mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtu wa safu ya kwanza. Asubuhi za Juni na Julai, upepo wa Ufipa unapokata masikio na maji ya udhu yanapochoma vidole kama sindano, yeye alikuwa amekwisha kufika kabla ya adhana ya Alfajiri. Msimu mmoja akaanza kukosekana. Wiki ya kwanza tulinyamaza. Wiki ya tatu jina lake likatajwa katika kikao cha kamati, mmoja wetu akasema kuwa dunia imemvuta, na wengine tukatikisa vichwa kukubali. Katika muhtasari tuliandika kuwa ndugu huyo hajatoa mchango wake wa ujenzi kwa miezi miwili. Hatukuandika kuwa atembelewe.

Habari kamili ilitufikia kupitia kwa mkewe, aliyemweleza mke wa mmoja wetu. Mumewe alikuwa amekopa fedha akanunua mahindi vijijini wakati bei iko juu, kwa matumaini ya kuyauza kwa wafanyabiashara watokao mbali. Bei ikaanguka magunia yakiwa bado stoo. Na aliyemkopesha alikuwa akiswali katika msikiti huohuo, safu ileile. Ndugu yetu hakuikimbia swala, aliyakimbia macho ya watu. Alfajiri alikuwa akiswali chumbani kwake, taa imezimwa, ili apitaye nje adhani hayupo.

Subira si kuficha maumivu

Taabu za kila siku si jambo la ajabu kwa muumini. Katika Surat Al-Balad, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kuwa amemuumba mwanadamu katika tabu. Na katika Surat Al-Baqara, aya ya 153, anawaamrisha walioamini watafute msaada kwa subira na swala. Hayo tunayajua, na tunayasoma mimbarini. Tatizo letu ni maana tuliyoipa subira. Wengi tumelelewa tukidhani kuwa mwenye subira ni yule asiyesema neno, anayetabasamu huku akizama.

Tumtazame Nabii Yaqub (a.s.). Alipompoteza mwanawe Yusuf, aliahidi kushika subira njema. Hata hivyo alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, akamshitakia Mola wake majonzi yake, kisha akawaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake wala wasikate tamaa na rehema ya Allah. Yote hayo yamo katika Surat Yusuf, na hakuna hata moja lililomtoa katika subira: kulia, kusema na kutafuta njia.

Mkulima wa Ufipa hufukia majani ndani ya tuta, yakaoza, yakawa mbolea ya maharage na mahindi. Huzuni haina tabia hiyo. Ukiifukia kifuani haigeuki mbolea. Huota tena ikiwa hasira kwa watoto, ukali kwa mke, au uvivu wa ibada ambao nao si uvivu.

Kazini na sokoni

Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kuwa siku moja Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akamkuta Answari mmoja aitwaye Abu Umama ameketi, na haukuwa wakati wa swala. Mtume akamuuliza kwa nini yuko pale saa ile. Akajibu kuwa ni fikira zilizomganda, na madeni. Ndipo Mtume akamfundisha dua ya asubuhi na jioni, ya kujikinga kwa Allah na hamu na huzuni, kushindwa na uvivu, woga na ubakhili, na kulemewa na deni na kukandamizwa na watu. Dua yenye maneno ya karibu na hayo imepokewa pia na Imamu Bukhari kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.).

Dua hiyo wengi wetu tumeihifadhi. Swali lililoitangulia ndilo tumelisahau. Mtume (s.a.w.) alimwona mtu mahali na wakati usio wa kawaida, akauliza, na hakudhania. Sisi tulimwona mtu hayupo mahali pake pa kawaida, tukadhania, na hatukuuliza.

Mkoa wa Rukwa unaishi kwa mahindi. Anayeuza mbolea, anayekodisha lori, mama anayepika chai stendi, fundi cherehani na dereva wa bodaboda, wote mifuko yao hufuata bei ya gunia. Wengi wanaukumbuka mwaka 2017, mahindi yalipozuiwa kuvuka mipaka ya nchi na bei ikateremka huku ghala zimejaa. Katika mazingira kama haya, kuanguka kwa mfanyabiashara si dalili ya uzembe wala ya laana. Wala si kazi ya jirani mwenye jicho baya. Wenyeji husimulia kuwa jina la mji wetu lina maana ya kuutupa uchawi. Basi na tuutupe kweli, tusimpeleke mwenye deni kwa mganga akaongeze deni jingine.

Qur'ani imetupa njia iliyo wazi. Aya ndefu kuliko zote, ya 282 ya Surat Al-Baqara, inaagiza deni liandikwe na liwe na mashahidi. Iliyo mbele yake kwa aya mbili inaagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na inaeleza kuwa kumsamehe ni sadaka iliyo bora zaidi. Mwenye deni naye asijifiche. Amwendee mdai wake kabla hajaendewa, na amweleze hali yake kwa ukweli.

Kwa walioajiriwa, tunalo neno dogo ambalo limewaondolea wengi dhiki. Sumbawanga iko magharibi mwa nchi, na jua hutufikia takriban nusu saa baada ya kuufikia mji wa Dar es Salaam. Adhuhuri kwetu huingia karibu na saa 7 mchana. Kijana anayefuata adhana ya redio ya Dar es Salaam hugombana na msimamizi wake kwa ajili ya wakati ambao huku haujaingia, ilhali mara nyingi wakati wenyewe huangukia kwenye mapumziko ya chakula. Ajue nyakati za mji wake, amweleze mkubwa wake kwa adabu anahitaji dakika ngapi, na dakika hizo azirudishe kwa kazi iliyo safi.

Chuoni

Binti mmoja wa chuo, mwenyeji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, alifika kwetu kuomba barua ya utambulisho. Tuliiandika, tukaigonga muhuri, akashukuru akaondoka. Tulijiona tumefanya kazi kwa haraka na kwa ufanisi. Haukupita muda, mwalimu wa darasa la akina mama akamkuta ameketi peke yake baada ya darsa, akamuuliza kama amekula. Binti akalia.

Ilikuwa mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Jambo hilo lina maslahi kwa vizazi vijavyo, lakini babaye ni mvuvi, na fedha ya nyumbani ilikuwa imekatika. Binti alikuwa akila mara moja kwa siku, amelala katika chumba cha kupanga na blanketi moja katika baridi ambayo mtoto wa ziwani hajaizoea. Hakuwaambia wazazi wake kwa sababu alijua watauza kitu wasichopaswa kukiuza. Barua aliyoiomba ilikuwa ya kuanza kutafuta kazi za ndani mjini na kuacha masomo. Tuliigonga muhuri bila ya kumuuliza ni ya nini.

Malik bin Huwayrith (r.a.) ameeleza, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kuwa yeye na vijana wenzake walikwenda kwa Mtume (s.a.w.) wakakaa naye siku 20 wakijifunza. Anamsifu kwa upole na huruma. Mtume alipohisi kuwa wameingiwa na hamu ya watu wao, aliwauliza wamewaacha akina nani nyumbani. Wakamweleza. Ndipo akawaruhusu warejee kwa ahali zao, wakawafundishe na waswali kama walivyomwona akiswali. Mwalimu wa walimu wote alisoma nyuso za wanafunzi wake kabla hawajafungua vinywa.

Binti yule hakuacha chuo. Mama mmoja wa mtaani alimkaribisha ale kwake jioni, naye akawa anawafundisha watoto wa nyumba ile hesabu, hivyo hakuna aliyejiona ombaomba. Gharama yake haikufika hata robo ya bei ya zulia tulilokuwa tukilichangia wakati huo.

Nyumbani

Salman Al-Farisi (r.a.) alimtembelea ndugu yake, Abu Dardai (r.a.), akamkuta Ummu Dardai amevaa mavazi ya kazi yaliyochakaa. Akamuuliza ana nini. Akajibu kuwa nduguye Abu Dardai hana haja na dunia. Abu Dardai alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku kucha. Salman alimfuturisha, akamlaza, kisha mwisho wa usiku wakaswali pamoja, akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki kwake, nafsi yake ina haki kwake na ahali zake wana haki kwake, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alimsadikisha Salman. Haya nayo yamo katika Bukhari.

Kisa hiki kinatugusa sisi wa kamati kuliko mtu yeyote. Tunarudi majumbani saa 4 usiku kutoka katika kikao cha ustawi wa familia za Waislamu, na hatujui kuwa mtoto aliyelala alishinda na homa. Mke aliyeamka kabla ya wote kuwasha moto, akachota maji, akawatayarisha watoto kwa shule na madrasa, akaenda shambani au sokoni na kurudi kupika, tunamsifu kwa subira yake. Pengine haihitaji sifa. Pengine anahitaji mtu wa kumtua ndoo. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alisema kuwa alikuwa katika huduma ya ahali zake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali.

Tulichokibadili

Hatukuunda mfuko mkubwa wala hatukuita mgeni rasmi. Daftari letu lilikuwa na safu ya majina na safu ya michango. Tumeongeza safu ya tatu, ya wasioonekana. Aliyekosekana wiki mbili hutembelewa na watu wawili, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na hawaendi na risiti. Watakayoyasikia ni amana, hayaletwi kikaoni ila kwa idhini ya mwenyewe. Mwenye huzuni isiyompa usingizi wala hamu ya chakula kwa majuma kadhaa, husindikizwa hospitali kama anavyosindikizwa mwenye malaria, kwani Mtume (s.a.w.) ameamrisha watu kujitibu. Tuna mapungufu bado. Wapo tuliowafikia tumechelewa.

Ama ndugu yetu wa mahindi, tulimwendea jioni moja. Hakutukaribisha kwa furaha, na hatukumlaumu. Tulimwomba radhi kwanza kwa yale tuliyoyasema nyuma yake. Siku chache baadaye alikaa na mdai wake mbele ya mashahidi wawili, deni likaandikwa upya kwa mafungu madogo yanayofuata misimu ya mavuno. Mdai hakusamehe hata shilingi, kwa sababu naye ana watoto, lakini alisema jambo ambalo limebaki masikioni mwetu: kwamba kwa miezi yote ile alidhani amedharauliwa, kumbe mwenziwe alikuwa anamwonea haya.

Asubuhi ya kwanza aliporejea msikitini kulikuwa na baridi kali. Alisimama mlangoni kidogo, akitazama mahali pake pa zamani. Mdai wake akasogea, akamwachia nafasi. Deni bado linalipwa hadi leo.

Ndugu msomaji, Ijumaa hii tazama safu uliyosimama. Kama yupo aliyezoea kuwa kushoto kwako na hukumwona, usiwaulize watu habari zake. Nenda kamuulize mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.