Biashara ya Mabakuli Ridley Road

Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anayeshuka kituo cha Dalston Kingsland, mashariki mwa London, hahitaji kufundishwa namna ya kununua akivuka barabara na kuingia soko la Ridley Road. Hapo watu wananunua kwa fungu kama kwao. Tofauti ni kwamba fungu limetiwa ndani ya bakuli: nyanya, bamia, ndimu, pilipili mbuzi zilizofura mpaka ukingoni, na kipande cha boksi kilichoandikwa bei kwa kalamu nene. Mteja akitoa pesa, mchuuzi anamimina bakuli zima kwenye mfuko, analirudisha mezani na kulijaza upya. Mnunuzi mzoefu huliinamia kwanza na kulitazama ubavuni, maana bidhaa zilizolainika hukaa chini.

Bakuli lina hesabu yake. Nyanya iliyoiva Ijumaa haifiki Jumatatu, na mwenye foleni ya watu hana nafasi ya kupima gramu moja moja. Sheria ya vipimo nayo ina meno: mwaka 2008 mchuuzi mmoja wa soko hili alitiwa hatiani kwa kuuza kwa mizani ya ratili badala ya kilo. Jioni ya Jumamosi, soko likikaribia kufungwa hadi Jumatatu, ndipo mabakuli mawili huweza kutoka kwa bei ya moja, na akina mama wanaolijua soko huja saa hizo kwa makusudi.

Mzigo wenyewe hununuliwa usiku. Soko la jumla la New Spitalfields, lililohamishiwa Leyton mwaka 1991, linafanya kazi watu wakiwa wamelala. Alfajiri magari ya wachuuzi yanakuwa yameshapakia maboksi na kuondoka. Humo ndimo bei ya bakuli inapoamuliwa.

Akisoma maandishi ya maboksi hayo, ndipo Mwafrika Mashariki anaposhangaa. Viazi vikuu ni vya Ghana. Ndizi za kukaanga mara nyingi ni za Colombia au Ecuador. Na muhogo, chakula ambacho Pwani nzima inakila kwa nazi na kwa pilipili, unatoka Costa Rica. Ukiushika unateleza, kwa sababu umepakwa nta. Muhogo mbichi huanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu baada ya kung'olewa: hewa ikiingia, nyama yake inapata michirizi ya buluu na nyeusi. Wakulima wa Costa Rica wanauosha, wanaukausha, wanauchovya kwenye nta ya moto na kuupakia kwenye kontena la baridi, na kwa hiyo unastahimili wiki kadhaa za safari na meza. Teknolojia hiyo haihitaji maabara. Inahitaji banda safi, sufuria kubwa la nta na meli isiyochelewa.

Kama muhogo wa Afrika Mashariki haupo kwenye meza hizo, ushuru si kisingizio. Kenya ilisaini mkataba wa biashara na Uingereza Desemba 2020, na Tanzania na Uganda, kama nchi zenye maendeleo duni zaidi, zinaingiza karibu kila kitu bila kutozwa. Kinachouma ni nauli. Matoke ya Uganda hufika kwa ndege, na bei yake mezani inalipia mafuta ya ndege kuliko jasho la mkulima wa Masaka au Mbarara. Parachichi za Kenya huenda kwa meli, lakini mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa 2023, meli nyingi zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na safari ikarefuka kwa takriban wiki mbili. Kwa parachichi, wiki mbili ni nyingi mno.

Upande wa London tishio ni kodi ya pango. Reli ya Overground ilipofunguliwa Dalston Junction mwaka 2010, wenye kipato kikubwa walianza kuutafuta mtaa huu. Jengo la maduka lililo ndani ya soko lilipata mmiliki mpya, na mwaka 2018 wapangaji wakapewa notisi ya kuhama. Wakazi na wachuuzi waliandamana, na baadaye halmashauri ya Hackney ikakubaliana kukodi sehemu ya chini ili biashara zibaki. Ulikuwa uamuzi sahihi, na ulistahili kuja mapema. Meza za barabarani zenyewe zinalindwa kwa leseni za halmashauri. Ni maghala na vibanda vya ndani, mahali samaki wa barafu, kisamvu na unga wa ugali vinapohifadhiwa, vinavyomtegemea mwenye jengo. Msafirishaji wa Tanga anayewaza kuleta muhogo wake London angefanya vyema kuulizia bei ya pango la ghala Hackney kabla hajaulizia bei ya nta.